Nina ujauzito na mwanangu bado ananyonya: je, maziwa yangu yanamdhuru?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 26, ninaishi Muheza mkoani Tanga pamoja na mume wangu na mama yake mzazi. Nina binti mmoja mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minne, na sasa nina ujauzito unaoingia mwezi wa tano. Ujauzito huu hatukuupanga. Nilidhani kwamba maadamu ninanyonyesha nisingeweza kushika mimba, na hedhi ilikuwa imerudi mara moja tu nilipogundua kwamba nimeshika tena.

Tangu habari zijulikane nyumbani sina amani. Mama mkwe wangu, ambaye kwa kweli ananipenda na alinihudumia vizuri siku zote arobaini za uzazi wangu wa kwanza, anasema maziwa ya mjamzito ni haki ya mtoto aliye tumboni, na kwamba aliye nje akiyanyonya yanamgeukia kuwa sumu. Anasema tumembemenda mtoto, na kwamba hata dini imekataza jambo hili. Majirani nao wanamtazama binti yangu kwa namna ambayo inanifanya nisitamani kutoka naye nje.

Kwa shinikizo hilo nilipaka shubiri kwenye chuchu, na mtoto akahamishiwa chumbani kwa bibi yake, akawa anapewa uji mwepesi wa mahindi wenye sukari kwa chupa ya kunyonyea. Alilia mno. Katika wiki hiyohiyo alianza kuharisha, na nilipompeleka kliniki uzito wake ulikuwa umeshuka kutoka kilo 9.1 hadi 8.7. Nilishindwa kuvumilia, nikamrudisha ziwani. Kuharisha kumepungua, ila hakujaisha kabisa, na mama mkwe anasema hiyo ndiyo sumu yenyewe inayofanya kazi.

Katika zahanati niliyokwenda, muuguzi mmoja aliniambia niache kunyonyesha mara moja kwa sababu nitaharibu mimba, na mwingine akasema niendelee tu, bila kunieleza zaidi. Damu yangu ilipimwa ikawa 10.2. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu, lakini vinanichefua na mara nyingi navinywa na chai ya asubuhi, siku nikikumbuka. Mimba ya kwanza niliifikisha hadi mwisho bila tatizo, sijawahi kuharibikiwa na mimba, na hii haijawahi kutoa damu, ila usiku mtoto anaponyonya huhisi tumbo likikaza kidogo kisha likaachia. Mume wangu nikimweleza husema mambo ya kunyonyesha ni ya wanawake.

Naomba unisaidie kujua kama maziwa yangu yanamdhuru binti yangu, kama ninaihatarisha mimba hii, na kama mtoto atakayezaliwa atakuta dang'a yake au itakuwa imekwisha nyonywa na dada yake.

Mama mwenye wasiwasi, Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu jibu la swali lako kubwa limo ndani yake, nawe umeliandika kwa mkono wako. Umesema kuharisha kulianza katika wiki ile uliyopaka shubiri, mtoto alipokuwa akilala kwa bibi yake na kupewa uji kwa chupa. Kabla ya hapo alikuwa ameyanyonya maziwa ya mama mjamzito kwa miezi kadhaa, na hukutaja ugonjwa wowote. Kama maziwa hayo yangekuwa sumu, mtoto angeugua alipokuwa akiyanyonya, si alipoondolewa kwayo.

Naanza na mtoto kwa kuwa yeye hawezi kusubiri. Mrudishe kituo cha afya wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki, na ueleze kwamba kuharisha hakujaisha na uzito umeshuka. Mtoto wa umri wake anayeharisha hupewa ORS pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, navyo vinaendelea mpaka viishe hata kama choo kimeshakuwa kizuri, na wakati huo wote ananyonya na kula kama kawaida. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila anachopewa, ana homa kali au analegea na hataki kunywa, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Chupa ya kunyonyea iondoeni kabisa nyumbani, kwa kuwa chuchu yake ya mpira na shingo yake nyembamba hazisafishiki vizuri jikoni kwetu, na uji unaobaki humo ndio maskani ya vijidudu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne anaweza kunywa kwa kikombe na kulishwa kwa kijiko. Kuhusu uzito, kilo 8.7 kwa msichana wa umri huo bado haziko katika eneo la hatari. Kinachotakiwa kutazamwa kwa makini ni ule mstari kwenye kadi uliokuwa ukipanda na sasa umeinama, kwa hiyo omba apimwe tena baada ya wiki mbili, na apimwe mkono kwa ule utepe wenye rangi tatu.

Sasa nije kwenye maziwa yenyewe. Maziwa ya mjamzito hayaozi, hayachachi na hayageuki sumu. Yanabadilika, tena mabadiliko hayo utayaona wewe mwenyewe, na ni vizuri uyajue mapema ili mtu asije akayatafsiri vibaya mbele yako. Homoni zinazotunza mimba hupunguza utengenezaji wa maziwa, kwa hiyo akina mama wengi huona yakipungua sana kuanzia mwezi wa nne au wa tano, na hakuna chakula wala supu itakayoyarudisha kwa wingi wake wa zamani. Sukari yake hushuka na chumvi yake hupanda kidogo, hivyo ladha hubadilika, na wapo watoto ambao kwa sababu hiyo huliacha ziwa wenyewe. Baadaye, mimba ikikaribia mwisho, maziwa hugeuka kuwa dang'a, na kwa kuwa dang'a hulainisha choo, binti yako anaweza kupata choo chepesi kuliko kawaida. Choo chepesi cha mtoto anayecheza, anayekula na anayeongezeka uzito si ugonjwa, na ni tofauti na huko kuharisha kulikomshusha uzito sasa.

Neno lililokuumiza zaidi, nadhani, ni hilo la kwamba mmembemenda mtoto. Sitaki kulidharau, kwa sababu wazee waliolitumia walikuwa wameona jambo la kweli kwa macho yao: mama anashika mimba, na baada ya miezi michache mtoto aliyetangulia anakonda, nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, anashindwa kusimama. Jambo hilo lilikuwapo na bado lipo, nao ni utapiamlo, mara nyingine ule mkali uitwao unyafuzi au kwashiakoo. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya watoto wa namna hiyohiyo, nao walikuwa watoto ambao chakula chao cha nyongeza kilikuwa cha mahindi matupu. Wazee hawakukosea katika walichokiona, bali katika sababu waliyokipa. Mtoto hakudhuriwa na kulala kwa wazazi wake pamoja, wala na maziwa ya mimba. Alidhuriwa na kunyang'anywa ghafla chakula chenye protini, mafuta na vitamini, kisha mahali pake pakawekwa uji ambao karibu wote ni maji. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya miezi 12 na 24 maziwa ya mama bado yanaweza kumpa mtoto theluthi moja ya nguvu ya mwili anayoihitaji, na ndiyo sababu linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi pamoja na vyakula vingine. Theluthi hiyo ikiondoka kwa siku moja bila kujazwa, mwili wa mtoto huonyesha. Na ikipungua polepole kwa sababu ya mimba bila sahani kuongezwa, mwili huonyesha pia, hata kama mtoto bado yuko ziwani. Hapo ndipo ninapotaka uelekeze wasiwasi wako.

Kwa upande wa dini, suala hili si geni katika Uislamu. Imo katika Sahih Muslim hadithi iliyopokewa kutoka kwa Judama bint Wahb kwamba Mtume alikuwa amekusudia kukataza ghila, kisha akazingatia kwamba Warumi na Waajemi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Wanazuoni wameieleza ghila kuwa ni mume kumwingilia mkewe anayenyonyesha, na wengine wakasema ni mwanamke kunyonyesha akiwa mjamzito. Yapo pia mapokeo yenye onyo, na huenda ndiyo yaliyomfikia mama mkwe wako, kwa hiyo si vibaya mkamuuliza kwa adabu shehe mnayemwamini. Ila isomeni pia aya ya 233 ya Sura al-Baqara, ambayo imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na ikasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha kabla ya hapo iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Mume wako anaposema haya ni mambo ya wanawake, mkumbushe kwa upole kwamba aya hiyo imemtaja na yeye.

Kuhusu mimba, muuguzi aliyekuambia uache mara moja alikuwa na sababu inayofahamika, ingawa hakukuuliza maswali ambayo alipaswa kukuuliza kwanza. Mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo husukuma maziwa na pia hukaza mji wa mimba, na ndiyo hiyo unayoihisi usiku. Lakini mji wa mimba, kwa sehemu kubwa ya ujauzito, haujawa tayari kuitikia homoni hiyo kwa nguvu, na utayari huo huongezeka mimba inapokaribia kutimia. Kwa mwanamke mwenye afya, anayekula vizuri na mwenye mimba isiyo na matatizo, kunyonyesha kwa ujumla hakuonekani kusababisha uchungu wa mapema. Kukaza kunakoachia mtoto anapotoka ziwani ni kwa kawaida.

Wapo wanawake ambao ningewashauri waache, nami nakuomba ujipime nao kwa uaminifu: aliyewahi kujifungua kabla ya wakati au ambaye mimba zake zimeharibika, mwenye mapacha, anayetokwa na damu, aliyeambiwa kwamba mlango wa kizazi umelegea, aliyezuiwa na daktari kukutana na mumewe katika mimba hii, na yule ambaye uzito wake mwenyewe hauongezeki. Kwa maelezo uliyotoa, wewe humo. Hata hivyo, siku tumbo litakapokaza mara kwa mara kwa mpangilio na lisiachie baada ya kumtoa mtoto, au ukiona damu au maji, usitafute ushauri wa mtu yeyote nyumbani, nenda hospitali.

Kinachonipa wasiwasi katika barua yako ni mwili wako wewe. Damu ya 10.2 ni upungufu, si mkubwa, lakini una mimba inayochota, una mtoto anayechota, na una safari ya kujifungua mbele yako. Vidonge hivyo havipaswi kunywewa siku ukikumbuka, bali kila siku, navyo usivinywe na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vinywe usiku baada ya chakula cha jioni, saa moja au mbili tangu chai ya mwisho, kichefuchefu kitapungua kwa kuwa utakuwa unaelekea kulala, na uvisindikize na chungwa, kwani vitamini C yake husaidia chuma kuingia. Wewe unaishi Muheza, mahali ambapo watu wa mikoa mingine wanafuata machungwa kwa malori, hivyo msimu ukiwapo usilikose. Kama una hamu ya kula udongo, jambo ambalo wajawazito wengi wanalo na hawasemi, mwambie muuguzi, maana nao huzuia chuma na waweza kuleta minyoo. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, na dozi za SP za kuzuia malaria usizikose kliniki. Ukubali pia kupimwa tena Virusi vya Ukimwi katika mimba hii na wakati wote unaponyonyesha, kwa sababu maambukizi mapya yakiingia kipindi hicho humfikia mtoto kwa urahisi, na yakigundulika mapema dawa humkinga.

Chakula ndicho kitakachoamua jambo hili kuliko maneno ya mtu yeyote. Wewe unahitaji mlo mmoja kamili zaidi ya ule unaokula kawaida, na kitu cha kula katikati ya milo, hata kama ni ndizi na karanga za kukaanga. Mtoto apate milo mitatu hadi minne kwa siku na asusa mara moja au mbili, sahani yake ikiwa peke yake ili ujue amekula kiasi gani. Uji wake uwe mzito, usiotiririka kijiko kinapoinamishwa, umeongezwa karanga zilizosagwa, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa au dagaa waliokaushwa na kutwangwa. Apate yai kila mnapolipata. Kisamvu cha nazi na karanga, kunde, maharage yaliyopondwa, matembele, papai na embe ni vyakula vya shambani kwenu, havihitaji fedha nyingi bali vinahitaji mtu wa kuvipondaponda na kukaa na mtoto mpaka amalize. Jambo hilo la mwisho ndilo huwa linakosekana katika nyumba nyingi, hata zile zenye chakula tele. Maadamu maziwa yako yanapungua, mhesabu kama mtoto ambaye mwezi baada ya mwezi anahama kutoka ziwani kuja sahanini, na kila anapoondoka hatua moja huko, ahakikishiwe hatua moja huku.

Inawezekana utachoka. Chuchu huuma wakati wa mimba, na wanawake wengi hujikuta wanakereka mtoto anaponyonya, hata wakimpenda kiasi gani. Ukiona huwezi tena, unaruhusiwa kumlikiza bila kujiona mama mbaya, ila si kwa shubiri, pilipili wala mwarobaini, na si kwa kumpeleka akalale mbali nawe wakati uleule anaopoteza ziwa. Punguza mnyonyo mmoja, labda ule wa mchana, umpe badala yake kikombe cha maziwa na mchezo, subiri siku kadhaa mpaka azoee, kisha punguza mwingine, na ule wa usiku uwe wa mwisho. Ukifanya polepole hivyo hata matiti yako hayatajaa na kupata jipu. Usianze, hata hivyo, kabla hajapona kuharisha na mstari wa uzito haujapanda tena.

Dang'a ya mtoto ajaye haitaisha. Mwili huendelea kuitengeneza hadi siku chache baada ya kujifungua, na dada yake hawezi kuimaliza. Akizaliwa, awekwe ziwani ndani ya saa moja ya kwanza, na kuanzia hapo yeye ndiye wa kwanza katika kila mnyonyo, mara 8 hadi 12 kwa siku, dada yake akifuata baada yake kama bado atakuwa ananyonya. Maziwa yatarudi kwa wingi siku chache baada ya kujifungua, na mwili unaweza kuwatosheleza wawili ikiwa mama naye analishwa na kupumzishwa. Kichanga asipewe kitu kingine chochote kwa miezi 6. Kabla hujajifungua, ongea na mumeo kuhusu uzazi wa mpango, maana kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango cha kutegemewa pale tu mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Ziko njia zisizopunguza maziwa, kama kitanzi na vipandikizi, na inashauriwa mama apumzike angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye kwa maneno yangu. Mwanamke aliyekuhudumia siku arobaini anamwogopea mjukuu wake, na huenda ameshazika mtoto au amemwona mwenzake akizika. Mwombe akusindikize kliniki, yeye ndiye ambebe mtoto hadi kwenye mizani, na umwombe muuguzi awaonyeshe wote wawili mstari wa kadi na kueleza kuharisha kulianza lini. Kisha mpe yeye kazi ya sahani: awe ndiye anayemtengenezea mjukuu wake uji mzito na kumlisha mlo wa mchana wakati wewe umelala. Mumeo naye aulizwe fedha ya mayai na dagaa kila wiki, kwa hesabu inayoeleweka, na siku ya kupima uzito baada ya wiki mbili awepo.